Hodi ya Tatu

Mwana akililia wembe, usimpe. Mpokonye, uuyeyushe, umfulie kijiko. Waliotutangulia walimpa, wakasema ukimkata atajifunza. Mwana akawa mataifa, wembe ukawa mabomu maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyejifunza kitu. Sisi wa Kinu cha Kilimatinde, kinu cha nyuklia, ndio tuliopewa kazi ya kufua vijiko.

Yai la mwisho lilitufikia mwezi wa Machi. Tuliyaita mayai, hivyo viini vya plutoniamu, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa chungwa na kilikaa katikati ya bomu kama kiini kinavyokaa ndani ya yai. Tuliyaita hivyo pia kwa sababu ya joto. Ukiingiza mikono kwenye glavu ndefu za kisanduku cha kioo na kulipakata yai, unalisikia: joto la yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Hakuna aliyelipasha. Linajipasha lenyewe, na baada ya miaka elfu ishirini na nne litakuwa limepungua nusu tu.

"Hili limenuna," alisema Kidawa, mwenzangu wa zamu, akichungulia kioo. Kidawa alizaliwa Pangani na hakuwahi kuisamehe Manyoni yetu kwa kukosa bahari. "Limetoka mbali, halijapewa hata maji ya kunywa."

"Soma cheti, wewe. Acha kuzungumza na chuma."

"Chuma chenyewe ndicho kinachozungumza na wewe usiku."

Alisema kweli. Kila yai lilikuja na cheti, na kwenye cheti paliandikwa mji ambako bomu lile lilikuwa limeelekezwa. Aliyelipakata yai aliuota mji wake. Sijui kwa nini. Madaktari wa Mkataba wa kuteketeza mabomu walikuja kutupima, wakasema ni uchovu. Basi ulikuwa uchovu unaojua ramani. Mimi niliwahi kuota mji wa theluji, mzee mmoja anamkaripia mbwa aliyekataa kuvaa koti. Kidawa aliota soko la samaki ambamo wachuuzi wote walikuwa wakiimba, naye akaamka akilia kwa sababu hakuna samaki aliyemfikia.

Asubuhi, kwenye chai, aliyeota alisimulia. Akimaliza alisema, "Mji umelala salama," nasi tukaitikia, "Na uamke salama." Hakuna mwongozo ulioagiza hivyo. Lakini hakuna yai lililosagwa kuwa unga kabla ya ndoto yake kusimuliwa.

"Cheti hakina mji," alisema Kidawa.

Nilidhani ananitania. Aliigeuza karatasi kwenye kioo nikaiona. Mahali pa jina palikuwa peupe.

Usiku ule niliota ua wa mama, kule Bahi. Mama anachuja maji ya chumvi kwenye kichungi chake cha nyasi, tone moja moja, kama alivyokuwa akifanya kila kiangazi. Ndahani, mdogo wangu, yuko mgongoni mwangu, na katika ndoto alikuwa na uzito wa unyoya. Langoni palikuwa na mwangaza uliosimama kama mtu. Haukusogea wala haukubisha hodi. Ulisimama tu, ukisubiri mmoja wetu ageuke.

Nilipomaliza kusimulia, chai zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyeitikia mpaka niliposema mara ya pili, "Mji umelala salama."

*

Wageni waliojenga Kinu walituachia mwongozo wa kurasa elfu nne kwa lugha yao. Wakatuambia neno la kiufundi halitafsiriki. Tulikaa miaka miwili tukaufasiri wote, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna skrubu iliyokosa jina. Fimbo za chuma zenye vidonge vya plutoniamu, zikifungwa pamoja mia mbili na kitu, ziliitwa tita, maana ndivyo zilivyo: tita la kuni. Na hatua ya arobaini na moja, ile ya mtu wa juu ya kinu kuomba idhini ya kuingiza tita jipya, tuliiandika kama mtu yeyote mwenye adabu angeiandika. Abishe hodi mara tatu. Akijibiwa kutoka chumba cha uongozi, aingize. Asipojibiwa, aondoke zake.

Mashine ya kupakia nayo ilifundishwa hivyo hivyo. Ililishika tita juu ya kifuniko, ikasikiliza. Haikufundishwa sauti ya nani. Ilifundishwa jibu linatoka chumba gani. Ikisikia karibu kutoka kule, ilifungua kufuli na kuuachia mkono wa binadamu umalizie. Ikisikia hodi tatu na kimya, ililirudisha tita ghalani.

Kinu chetu hakikuzimwa ili kilishwe. Humo ndani hamkuwa na maji, maana maji huzipunguza mwendo nyutroni, zile chembe zinazopasua atomu, nasi tulizitaka na kasi yake yote, zipasue kila kinachopasuka. Badala ya maji ilizunguka sodiamu iliyoyeyuka, nyeupe, inayong'aa, kama mwezi mpevu uliofungiwa gizani ambao hakuna jicho lililowahi kuuona. Tita likishaingia humo, halikutoka mpaka kinu kizimwe na miaka miwili ya kupoa ipite, na lilipotoka lilikuwa limechafuka, halifai tena kutengeneza bomu. Joto lake liliwasha taa kutoka Dodoma hadi Tabora. Pampu za mashamba ya zabibu zilinguruma kwa nguvu ya miji iliyokuwa iteketezwe.

Mwezi wa Juni unga wa yai la mwisho, pamoja na wa matatu yaliyolitangulia, ulikuwa tayari umekuwa tita. Siku ya kuliingiza, saa mbili asubuhi, Ndahani alinipigia simu kutoka mpakani alikokuwa askari. Sauti yake ilikuja na upepo wa mlimani.

"Dada, kesho ndiyo ile ya mwisho?"

"Leo. Saa nne."

Nikasikia mwenzake mmoja nyuma yake akicheka jambo jingine kabisa.

"Huyo nani?"

"Koplo Masinde. Anamwambia Luhende kuwa amekonda mpaka bunduki inambeba yeye." Kisha akapunguza sauti. "Dada, liacheni."

"Ndahani."

"Nisikilize kwanza. Mimi nipo hapa juu, nawaona wale wa ng'ambo ya mto kila siku. Naona moshi wa jiko lao. Kuna mmoja hutupungia mkono asubuhi, nasi tunampungia. Si watu wabaya. Lakini wanasema wakubwa wao wamepata mayai matatu, hawakuyapeleka kinuni. Sisi tukimaliza letu, siku wakiambiwa vukeni, watavuka. Yule anayetupungia naye atavuka. Hana ujanja."

"Na tukilibakiza?"

"Watafikiri mara mbili."

"Nasi tutafikiri mara ngapi, Ndahani? Yai lenyewe halina mji. Wakubwa wetu watachagua wenyewe."

"Dada, mimi sijui mambo ya miji. Mimi najua kilima changu. Tupo wanane hapa."

Nilimwambia ale, avae sweta, amsalimie Masinde.

*

Dakta Rwegoshora, Kamishna wa Mkataba, alifika saa tatu na barua ya serikali yetu ya Shirikisho mkononi. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye adabu za kizamani. Alimsalimia mama anayefagia kabla ya kumsalimia mkuu wa kinu. Mkuu huyo, Mzee Lechipya, aliyekuwa ameongoza chumba cha uongozi miaka kumi na tisa, alimwitikia, kisha akanigeukia na salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwa, mzee."

"Kaa chini. Kuna barua."

Dakta aliisoma akiwa amesimama. Tita la mwisho lisiingizwe. Lirudishwe ghalani, lifunguliwe, plutoniamu yake itolewe na kukabidhiwa jeshi kwa tahadhari. Kinu kama chetu cha nchi za kaskazini kilikuwa kimegundulika kuficha mayai thelathini. Majirani walikuwa na matatu. Shirikisho lisingekuwa mjinga wa mwisho duniani.

Alikuwa katikati ya aya ya pili Kidawa alipofika mlangoni na sinia la chai. "Hodi," akasema.

"Karibu, karibu ndani, mama!" Dakta aliitikia hata hajainua macho kwenye barua. Haikuwa ofisi yake. Chai haikuwa yake. Hakuwa hata amemaliza sentensi aliyokuwa akiisoma.

Mzee Lechipya alitabasamu kidogo. Mimi sikutabasamu. Jambo lile lilinikaa kichwani kama mbegu ya ubuyu inavyokaa kwenye jino.

"Dakta," nilisema alipokunja barua, "tuliapa. Nchi yetu ilisimama mbele ya nchi zote ikasema, sisi tutayachoma yote, hata lile la mwisho. Ndiyo maana walituamini, wakatuletea ya kwao."

"Najua, binti yangu. Nilikuwapo. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma." Akavua miwani. "Lakini nawaza hivi. Mtu akiahidi kuvua shati pamoja na wenzake, kisha akabaki peke yake kifua wazi sokoni, je, huo ni uaminifu au ni uzuzu?"

Lilikuwa swali la kweli, aliuliza kwa moyo. Nilimpenda kwa hilo, na sikukubaliana naye.

"Tayari mashine imeshalishika tita," alisema Mzee Lechipya. "Haitalirudisha mpaka isikie hodi tatu na kimya. Nyemo, wewe na Kidawa mtapanda, mtabisha. Huku sisi hatutajibu. Kisha mtashuka, tutakunywa chai hii. Dakta atakaa nami awe shahidi."

*

Juu ya kifuniko cha kinu pana ukumbi mkubwa, mweupe, usio na dirisha. Chini ya nyayo zako kuna mguno, si wa kusikia kwa masikio, ni wa kusikia kwa magoti. Watu wapya hupata usingizi wakisimama pale. Mimi nilizoea, lakini siku ile mguno ulinichukua. Niliona ua wa mama. Niliona kichungi cha nyasi na tone moja likining'inia, halidondoki.

Mashine ilisimama mbele yangu na tita ndani yake, refu kuliko mtu. Kidawa alikaa kwenye meza ya kumbukumbu. Mimi niliweka mkono wa kulia kwenye mpini.

Nilibonyeza kinasa sauti. "Hodi."

Kimya. Taa ya mashine ikawa ya manjano.

Nilimwaza Ndahani na moshi wa jiko la ng'ambo. Nilimwaza yule anayepunga mkono, ambaye hakuna ajuaye jina lake. Watu wanane kilimani. Na ule mwangaza langoni, uliosimama, wenye subira kuliko sisi wote. Niliwaza kwamba bomu ndilo mgeni pekee duniani asiyebisha hodi.

"Hodi."

Kimya. Kwenye kipaza sauti nilimsikia Mzee Lechipya akikohoa mbali na kinasa, kwa uangalifu. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Dakta alikuwa akiisoma tena barua yake.

Zile mbili nilizisema kikazi, neno kavu kama tarakimu. Ya tatu sikuisema hivyo. Niliondoa kidole, nikavuta pumzi, nikasogea karibu. Kisha nikabonyeza tena, nikabisha kama ninavyobisha kwa watu, kwa sauti ya mtu aliyetembea juani na ndoo kichwani, anayejua ndani mna wenyewe.

"Hodi humu ndaniii?"

"Karibu! Karibu ndani, mama!"

Ilitoka haraka, ya upole, ya Bukoba. Kisha kikombe kikaanguka. Kisha Mzee Lechipya akasema, "Ee Mungu wangu."

Kufuli likafunguka. Taa ikawa ya kijani.

"Nyemo," Kidawa alisema nyuma yangu, polepole. "Hiyo si sauti ya Mzee."

"Najua."

"Ni Dakta. Hakukusudia. Mtu gani aliyelelewa anaweza kusikia hodi ya tatu akanyamaza?"

"Najua, Kidawa."

"Nyemo, usi—" Mzee alianza kwenye kipaza sauti.

Nilivuta mpini. Tita lilishuka bila kelele, kama mtu anayeingia majini pale anapopajua. Lilichukua dakika moja na nusu. Mguno chini ya magoti yangu ulibadilika kidogo sana, ukawa mpana. Kidawa alitazama saa, akaandika muda, akapiga mstari. Mstari ulinyooka.

"Mji umelala salama," nilisema.

Alifunga daftari. "Na uamke salama," akasema.

*

Siku kumi na nane baadaye wale wa ng'ambo walivuka mto. Walikichukua kile kilima alfajiri, wakakirudisha baada ya siku tano, wakubwa walipoketi na kuzungumza. Hawakutumia yai. Koplo Masinde alikufa. Luhende alikufa, yule aliyekonda. Binti mmoja wa mawasiliano aitwaye Shoma alikufa. Ndahani alitoka na mkono mmoja uliovunjika mara mbili.

Tume ya uchunguzi ilikaa Manyoni, kwenye ukumbi wa halmashauri, feni moja ikizunguka na moja imekufa. Mwenyekiti alikuwa Bibi Sengondo, jaji mstaafu. Dakta Rwegoshora alikaa upande wa mashahidi, amepungua mwili. Ndahani alikaa safu ya nyuma, mkono umefungwa kifuani. Tangu kilimani alikuwa hajanena nami.

"Nyemo binti Chilewa," alisema mwenyekiti, "tume hii haitaki kukufunga. Mzee Lechipya ameeleza kuwa sauti za kipaza hukwaruza. Dakta ameeleza kuwa kosa ni lake. Ukisema ulidhani aliyejibu ni msimamizi wako, tutaandika kosa la kikazi. Utaomba radhi kwa Shirikisho na kwa familia za marehemu, utarudi kazini. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Ila si kweli."

"Fikiri kabla ya kusema."

"Kipaza hakikukwaruza. Niliijua sauti. Nilijua hakukusudia. Nilikuwa nimemwona saa moja kabla akimkaribisha mwenye chai, nikajua kwamba mtu huyu hawezi kuiacha hodi mlangoni. Ile ya tatu niliibisha ili ajibu."

Dakta alifumba macho. Ukumbi ulinong'ona. Bibi Sengondo alisubiri kelele zitulie.

"Basi ulimtumia."

"Niliutumia uungwana wake. Ndicho kitu bora alichokuwa nacho siku ile, kuliko barua."

"Na waliokufa?" akauliza mwenyekiti.

Nikageuka nyuma. Ndahani alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa ule wa mgongoni mwangu ndotoni, na haukuwa tena na uzito wa unyoya.

"Dada," alisema, na sauti ilikuwa kavu. "Ungeliacha, Masinde angekuwa hai?"

"Huenda."

"Huenda tu?"

"Huenda, Ndahani. Na huenda yule aliyekuwa akiwapungia mkono angekuwa majivu, na mji wake, na mto wenyewe, na wewe ungekuwa umeshuhudia. Sijui. Sikuwa na njia ya kujua na sasa sina. Nilijua moja tu, kwamba likiingia haliwezi kutoka."

Ndahani akaketi. Hakuondoka. Hilo nililiona.

"Tume inakuuliza mara ya mwisho," alisema mwenyekiti, na sasa hata yeye alikuwa na sauti ya kuchoka. "Utaomba radhi?"

"Nitakwenda kwa mama yake Masinde, nitakaa chini mkekani, nitalia naye mpaka achoke kuniona. Nitakwenda kwa kina Luhende na kwa kina Shoma. Mkinifunga, nitakwenda nikitoka. Mlango wa kila mmoja nitabisha hodi tatu, na wasiponijibu nitaondoka, nirudi kesho yake. Pole ninazo, mheshimiwa, nimekuja nazo nyingi. Radhi siombi."